Farasi wa nyeupe akitua g5: nyeusi ichague jibu gani katika chesi ya barua?

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Kwa hatua nne tu mwenye kete nyeusi amebanwa: askari wa f7 analengwa na farasi na askofu kwa pamoja, na hakuna namna ya kumlinda isiyogharimu kitu. Huu ndio ufunguzi uitwao Kinga ya Farasi Wawili, na kila jibu la nyeusi hapa linatoa kitu ili lipate kingine. Makala haya yanayapima majibu hayo kwa mtu anayecheza chesi ya barua, iwe kwa kadi ya posta kama zamani au kwa seva ambako kila hatua ina siku zake.

Herufi ni zile zile mlizozoea kwenye programu: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni cheki, 0-0 ni mfalme kuruka pamoja na ngome upande wake, na nukta tatu zinaonyesha kwamba hatua ni ya nyeusi.

Ukicheza ana kwa ana, unachagua ufunguzi unaoukumbuka na ambao mwenzako haujui. Kwenye chesi ya barua hesabu hiyo haina kazi. Mwenzako ana siku tatu au zaidi kwa kila hatua, ana vitabu, ana hifadhidata yenye mamilioni ya michezo. Humshtui kwa hatua ya 5 wala ya 10. Kinachobaki ni swali moja: hatua zilizokwisha kuandikwa zikifika mwisho, unataka ubao uwe na sura gani mbele yako, na je, utakuwa umeielewa sura hiyo kuliko yeye? Kila ninachopendekeza hapa chini kinatokana na swali hilo.

Kanuni kwanza

Kuna aina mbili za chesi ya barua siku hizi, na ushauri wa aina moja ukiupeleka kwenye nyingine unaumia.

ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua lililoanzishwa 1951, linaruhusu injini, yaani programu za kompyuta zinazochambua hatua. Muda uliozoeleka huko ni siku 50 kwa kila hatua 10. Kila mchezaji makini ana kompyuta inayochambua usiku na mchana, ndiyo maana sehemu kubwa sana ya michezo ya ngazi za juu huisha sare. Zikibaki kete saba au pungufu ubaoni, askari na wafalme wakiwemo, unaweza kudai matokeo moja kwa moja kutoka kwenye majedwali ya kompyuta yanayoonyesha matokeo ya uhakika ya kila hali.

Tovuti za Lichess na Chess.com kwenye michezo ya siku nyingi zinakataza injini na majedwali hayo, lakini zinaruhusu vitabu vya ufunguzi na hifadhidata ya michezo iliyopita. Muda ni kuanzia siku 1 hadi 14 kwa hatua moja, kadiri mtakavyokubaliana. Hapa ni kichwa chako, ubao wako na daftari lako. Kuiuliza injini juu ya mchezo unaoendelea, hata kwa hatua moja, ni udanganyifu, na akaunti hufungwa kwa hilo.

Ufunguzi ambao injini inaubomoa ndani ya saa moja unaweza kuwa silaha nzuri sana mahali ambapo injini hairuhusiwi, na ulio imara kabisa mbele ya injini unaweza kukuchosha bure mahali ambapo mwenzako angekosea kwa urahisi.

Picha ya jumla

| Jibu la nyeusi | Unachotoa | Unachopata | Bila injini | Kwa injini |
|---|---|---|---|---|
| 4...d5 5.exd5 Na5 | Askari mmoja | Hatua za ziada, nguvu katikati | Chaguo la wengi | Inasimama |
| 4...d5 5.exd5, kisha 5...b5 au 5...Nd4 | Mfalme hubaki d8, mara nyingi na kete pia | Mashambulizi | Kwa mwenye muda | Hatari |
| 4...Bc5 | Askari wa f7 au ngome ya h8, haki ya 0-0 | Vurugu | Mara chache | Acha |
| 4...d5 5.exd5 Nxd5 | Mfalme kuvutwa hadi e6 | Kidogo mno | Acha | Acha |
| 3...Bc5, kukwepa yote | Nafasi ya kushambulia mapema | Mchezo mrefu, wa taratibu | Kwa mvumilivu | Salama |

Jedwali halisemi kwa nini, na kwenye chesi ya barua usipojua kwa nini, utapotea siku ile hifadhidata itakapokosa jibu.

5...Na5: jibu la kawaida

Baada ya 4...d5 5.exd5, farasi anaenda a5 na kumgusa askofu wa c4. Nyeupe hujibu 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6. Hesabu ya kete iko wazi: nyeusi imepoteza askari mmoja. Faida yake ni muda. Askofu wa nyeupe anasogea kwa mara ya tatu, farasi wa g5 naye karibu atafukuzwa. Udhaifu wake uko a5: farasi yule amekaa ukingoni, na asiporudishwa kazini unakuwa unacheza na kete moja pungufu.

Hatua ya 8 ndiyo njia panda, na nyeupe ina matawi matatu unayopaswa kuyajua kabla hujatuma 5...Na5.

8.Be2 ni ya zamani. 8...h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Bd6, na nyeupe huchagua 11.d4 au 11.f4. Baada ya 11.d4 exd3 12.Nxd3 Qc7 malkia na askofu wanaitazama h2 kwa pamoja, na askofu wa c1 hapati nafasi rahisi f4. Mpango wako una mambo matatu: mfalme aende 0-0, ngome zije e8 na b8, na askari wa c6 asukumwe c5 ili farasi wa a5 apate c6. Wengi huharibu hapa kwa kuharakisha kumrudisha yule askari mmoja. Wanabadilishana kete mbili tatu, nguvu inaisha, na wanabaki na mwisho wa mchezo wenye askari mmoja pungufu na askari mbovu wa c6. Ukishatoa askari kafara, hamu ya kubadilishana kete iwe ya mwenzako.

Ndani ya tawi hili ipo pia 9.Nh3, hatua ya Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, ambayo Mmarekani Fischer aliifufua dhidi ya Mmarekani mwenzake Bisguier mwaka 1963. Inaonekana vibaya, lakini farasi haguswi na e4. Ukicheza ...Bxh3 haraka unamvunjia nyeupe askari wa upande wa mfalme, ila unampa maaskofu wawili dhidi ya askofu mmoja. Bila injini, ningemwacha farasi huyo pale pale kwa muda.

8.Bd3 ndilo tawi linalopendwa sasa. Askofu anaziba askari wake mwenyewe wa d2, jambo ambalo vitabu vya zamani visingelisamehe, lakini anailinda e4: nyeusi haiwezi tena kumfukuza farasi kwa h6 na e4 kwa mfululizo. Jibu ninaloliamini ni 8...Nd5. Farasi akitoka f6, malkia wa d8 anamwona farasi wa g5 hana ulinzi, hivyo 9.Nf3 Bd6 10.0-0 Nf4. Farasi wa f4 akimla askofu wa d3, nyeupe hurudisha kwa askari wa c na kubaki na askari wawili waliopangana kwenye safu ya d, huku askofu wa c1 akiwa kifungoni. Hali hii nyeusi huishi nayo vizuri hata mbele ya injini.

8.Qf3 ni ya mlafi. Ukijibu 8...Rb8 9.Bxc6+ Nxc6 10.Qxc6+ Nd7, umepungukiwa askari wawili, ila nyeupe ina malkia peke yake nje ya nyumba na kete zote za upande wa malkia zimelala. Mpinzani asiye na injini hapa huchoka kujilinda. Mwenye injini hachoki, kwa hiyo kwenye ICCF chambua 8...Be7 na 8...h6 kabla ya kuamua.

Tawi la nne, 6.d3 badala ya 6.Bb5+, halisumbui: 6...h6 7.Nf3 e4 8.Qe2 Nxc4 9.dxc4 Bc5, nyeusi ina askofu mzuri na nafasi tele.

5...b5 na 5...Nd4: njia ya Berliner

Kuna mchezo mmoja wa barua ambao kila anayefikiria njia hii lazima aupitie hatua kwa hatua: Yakov Estrin dhidi ya Hans Berliner, fainali ya tano ya ubingwa wa dunia wa chesi ya barua, 1965–68. Estrin, Mrusi, alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa Kinga ya Farasi Wawili duniani na aliuandikia kitabu. Baadaye naye akawa bingwa wa saba. Berliner, Mmarekani aliyezaliwa Berlin mwaka 1929, akamfuata kwenye uwanja wake mwenyewe. Alishinda fainali ile kwa pointi 14 kati ya 16 bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Mlango wa kuingilia uko wa aina mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Unaweza kucheza 5...b5 6.Bf1 Nd4 7.c3 Nxd5, au 5...Nd4 6.c3 b5 7.Bf1 Nxd5. Ubao ni ule ule. Tofauti ni kile ambacho nyeupe anaweza kufanya njiani.

Ukianza na 5...b5, nyeupe inaweza kula: 6.Bxb5 Qxd5, na malkia anagusa vitu viwili kwa mpigo, askofu wa b5 na askari wa g2. Nyeupe hupona kwa 7.Nc3 Qxg2 8.Qf3, malkia wanabadilishwa na vita inaisha mapema. Ndiyo sababu 6.Bf1, hatua inayomrudisha askofu nyumbani, ni kali kuliko inavyoonekana: inailinda g2, hivyo 6...Qxd5 itajibiwa na 7.Nc3 na malkia atakimbia huku askari wa b5 akiachwa.

Ukianza na 5...Nd4, hakuna Bxb5, lakini kuna 6.d6 Qxd6 7.Nxf7 Qc6. Malkia wa c6 anamgusa askofu wa c4 na askari wa g2 pamoja. Nyeupe ikivutwa na ngome, 8.Nxh8 Qxg2 9.Rf1 Qe4+ 10.Be2 Nf3, ni chekimeti: askofu wa e2 amefungwa na malkia kwenye safu ya e, na mfalme amezungukwa na kete zake mwenyewe. Zuri kulitazama, lakini usichague mlango kwa kutegemea kwamba mtu mwenye siku tatu za kufikiri ataingia humo.

Kwa anayetaka vita, mimi ningeanza na 5...Nd4. Mwenye kutaka sare ya heshima hatapewa 6.Bxb5.

Baada ya 7...Nxd5 farasi wote wawili wa nyeusi wako katikati, mmoja akiguswa na askari wa c3, na malkia wa d8 anamwona farasi wa g5. Nyeupe ina chaguo mbili za maana.

8.cxd4 Qxg5 9.Bxb5+ Kd8. Mfalme wa nyeusi hatapata tena 0-0. Kinachomwokoa ni kwamba kete za nyeupe upande wa malkia hazijaamka. Njia ya kukariri ni 10.0-0 Bb7 11.Qf3 Rb8 12.dxe5 Ne3: farasi anaruka ili askofu wa b7 amwone malkia wa f3, na akiliwa kwa askari wa d2, malkia naye analiwa.

8.Ne4 ndiyo aliyocheza Estrin. 8...Qh4 9.Ng3 Bg4 10.f3 e4. Mbele ya hatua hiyo ya 10 weka ubao wa mbao ukae nayo. Askofu wa g4 analiwa na f3, farasi wa d4 analiwa na c3, na nyeusi inasukuma askari. Ilikuwa hatua mpya ya Berliner, iliyoandaliwa mezani kwake. Kwenye kadi za posta, hatua huandikwa kwa namba za miraba, safu a ikiwa 1 na h ikiwa 8: 4.Ng5 ni 6375, 0-0 ya nyeupe ni 5171. Hatua hiyo ya 10 ni tarakimu nne tu: 5554.

Iliendelea 11.cxd4 Bd6, na farasi wa g3 hawezi kutoka kwa sababu nyuma yake, kwenye mshazari wa malkia wa h4, yuko mfalme. 12.Bxb5+ Kd8 13.0-0 exf3 14.Rxf3 Rb8 15.Be2 Bxf3 16.Bxf3 Qxd4+ 17.Kh1 Bxg3 18.hxg3 Rb6. Ngome haimtishi mtu kwenye b6. Inaelekea h6, kutoa cheki kwenye safu iliyofunguliwa na hxg3. Estrin akacheza 19.d3 ili askofu wa c1 aizuie h6. Jibu: 19...Ne3, farasi anajitoa mbele ya askofu huyo huyo. 20.Bxe3 Qxe3, na mlinzi wa h6 ametoweka.

Hesabu kete hapo. Nyeupe ina malkia, ngome, askofu, farasi na askari watano. Nyeusi ina malkia, ngome mbili na askari watano. Kwa vidole nyeupe iko mbele, lakini ngome na farasi wa upande wa malkia hawajasogea kabisa na mfalme hayuko salama. 21.Bg4 h5 22.Bh3 g5 23.Nd2 g4 24.Nc4 Qxg3 25.Nxb6 gxh3 26.Qf3 hxg2+ 27.Qxg2 Qxg2+ 28.Kxg2 cxb6. Moshi ukatawanyika, ukabaki mwisho wa mchezo wa ngome kwa ngome, na nyeusi ina askari mmoja zaidi.

Hapa kuna somo ambalo wapenzi wa mashambulizi hulipita mbio. Berliner hakushinda kwa chekimeti. Alishinda kwa mfalme anayetembea: 29.Rf1 Ke7 30.Re1+ Kd6 31.Rf1 Rc8 32.Rxf7 Rc7 33.Rf2 Ke5 34.a4 Kd4 35.a5 Kxd3. Askari wa f7 aliachwa aliwe ili mfalme afike katikati, na askari wa h5 akaachwa kama tishio la mbali. 36.Rf3+ Kc2 37.b4 b5 38.a6 Rc4 39.Rf7 Rxb4 40.Rb7 Rg4+ 41.Kf3 b4. Mfalme wa f3 anamgusa ngome wa g4, lakini yule askari wa h5 anamlinda. 42.Rxa7 b3, Estrin akakubali kushindwa. Zilibaki kete saba ubaoni, kiasi kile kile ambacho mchezaji wa ICCF leo angedai matokeo bila kusogeza tena.

Kwa hiyo unayetaka njia hii unahitaji vitu viwili vikubwa: ujasiri wa hatua ya 10, na ufundi wa ngome mwishoni. Cha pili kikikosekana, cha kwanza hakitakufikisha.

Na uchambuzi wako usiishie kwenye mchezo huu, maana mwenzako naye anao, anaupata kwa dakika mbili. Atakachobadilisha ni hatua ya 15. Askofu wa b5 si lazima arudi e2. Jaribu mwenyewe 15.a4, inayomlinda pale alipo, na 15.Bf1, inayomleta jirani na mfalme. Usipokuwa na majibu yako kwenye daftari kwa hatua hizo mbili, usitume 5554. Injini za leo huipa nyeupe upendeleo katika njia hii, na kwenye ICCF mpinzani wako ataziacha zichambue kwa siku kadhaa. Mahali ambapo injini zimekatazwa hali ni nyingine: nyeupe inatakiwa kupata hatua sahihi tano au sita mfululizo mfalme wake akiwa hatarini, na nimependezwa sana na uwiano huo wa hatari.

4...Bc5: gambiti (kafara ya ufunguzi) ya Traxler

Karel Traxler, padri wa Kicheki, aliionyesha dhidi ya Reinisch mwaka 1890. Wamarekani huiita Wilkes-Barre. Nyeusi haijali f7 kabisa.

5.Nxf7 Bxf2+ ndiyo ndoto ya mwenye nyeusi. 6.Kxf2 Nxe4+ 7.Kg1 Qh4 8.g3 Nxg3, na mara nyingi mwisho wake ni cheki za mfululizo na sare. 6.Kf1 Qe7 7.Nxh8 d5 ni msitu mnene.

Tatizo ni 5.Bxf7+. Nyeupe inachukua askari, mfalme anaenda e7, askofu anarudi b3 au d5, na hakuna aliyeungua. Unabaki na Rf8, Qe8 kwenda g6, labda d6 na Bg4: mpango unaoeleweka, lakini umelipa askari na haki ya 0-0. Mezani kwa dakika tano, 5.Nxf7 utaiona mara kwa mara. Kwa barua, mwenzako akifungua kitabu chochote atasoma 5.Bxf7+ kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu siipendekezi kwa mchezo wa barua wa kuhesabiwa alama.

5...Nxd5

6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Ke6 8.Nc3, farasi wa d5 anashambuliwa na kete tatu, mfalme wa nyeusi yuko katikati ya uwanja. Na hata usipoogopa hayo, 6.d4 ni kali pia, maana inafungua njia ya askofu wa c1 kabla ya kutoa farasi kafara. Sioni sababu ya kuichagua.

3...Bc5: kutoingia kabisa

Ukicheza 3...Bc5 badala ya 3...Nf6, Ng5 haina makali tena kwa kuwa malkia wa d8 anailinda g5. Mchezo wa kawaida ni 4.c3 Nf6 5.d3 na kila upande unajipanga nyuma ya askari wake kwa hatua kumi na zaidi. Kwenye ICCF ni chaguo la heshima, sare ikiwa haikuudhi. Bila injini ni nzuri kwa anayejua kuhamisha farasi polepole hadi g6 na kusubiri. Uzito wake ni kwamba haina hatua za lazima: huwezi kukariri njia, na kila hatua ina majibu matano yanayokaribiana. Ukicheza michezo ishirini kwa wakati mmoja, itakula muda kuliko gambiti.

Kazi ya mezani, njia yoyote utakayochukua

Hifadhidata isomwe kwa tahadhari. Asilimia kubwa ya ushindi kwa hatua fulani mara nyingi inatokana na michezo ya haraka au ya wachezaji dhaifu. Kwenye Lichess tenganisha michezo ya mabingwa na ile ya watumiaji wote, na chini ya michezo ishirini hivi usitegemee asilimia kabisa. Fungua mchezo mmoja mmoja uone ushindi ulipatikana wapi. Hatua inaweza kuwa mbaya na bado ikashinda kwa sababu mtu alikosea hatua thelathini baadaye.

Angalia mpangilio. Ubao ule ule unaweza kufikiwa kwa njia mbili, kama tulivyoona kwa 5...b5 na 5...Nd4, na baadhi ya vitabu vitauweka chini ya sura moja tu. Tafuta kwa hali ya ubao, usitafute kwa orodha ya hatua.

Hatua za masharti, zile ambazo unaiambia seva "akicheza hivi, mimi nijibu hivi", zinafaa pale tu ambapo jibu ni la lazima: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 ni mfano mzuri. Usiziweke kupita njia panda ya hatua ya 8. Mtu akiweka mfululizo mrefu kwa uvivu, hujikuta amefika kwenye hali ambayo hakuwahi kuitazama kwa macho.

Muda wako usiugawe sawa kwa kila hatua. Hatua za kitabu zitume siku hiyo hiyo. Akiba yote iende kwenye hatua ya kwanza isiyo na mfano. Kwenye 5...Na5 hiyo huja karibu na hatua ya 12 hadi 15, kwenye njia ya Berliner ni hatua ya 15 yenyewe. Panga upya kete kwenye ubao wa mbao, usogeze kwa mkono, andika hatua tatu zinazowezekana za mpinzani kabla hujaandika yako. Kisha subiri usiku mmoja ndipo utume.

Kama unatumia injini pale zinaporuhusiwa, usikubali namba ya dakika ya kwanza. Katika hali kama ile ya 10...e4, injini huanza kwa kuhesabu kete, na tathmini hubadilika ukiisogeza mbele kwa mkono hatua nne au tano kisha kuirudisha nyuma.

Nani achague ipi

Mchezaji wa kiwango cha kati, michezo ya siku tatu bila injini: 5...Na5, na aanze kwa kusoma 8.Bd3 kwa sababu ndiyo atakayoiona zaidi. Ni jibu moja litakalomfaa miaka mingi.

Mwenye jioni mbili kwa wiki za kuchambua, anayependa kushambulia na ambaye hajifichi mwisho wa ngome ukimjia: 5...Nd4 na njia ya Berliner, mahali pasipo na injini pekee. Michezo miwili au mitatu tu kwa wakati mmoja, maana kila mmoja utadai daftari lake.

Mchezaji wa ICCF anayehitaji nusu pointi dhidi ya mwenye alama kubwa: 3...Bc5, au 5...Na5 akiwa amemaliza kazi ya 8.Bd3 na 8.Qf3 kabla mchezo haujaanza. Anayehitaji pointi nzima kwa nyeusi pale ana kazi ngumu popote aendapo, na Farasi Wawili angalau humlazimisha mpinzani kuchukua askari na kuishi na matokeo yake.

Na kumbuka nyeupe ina haki ya kutokuja g5 kabisa. Ikicheza 4.d3, tumia 4...Bc5 au 4...Be7 ujipange, ufunguzi umegeuka kuwa wa taratibu. Ikicheza 4.d4, kula: 4...exd4, na 5.0-0 ikija, 5...Nxe4 6.Re1 d5 inakupa mchezo sawa. Matawi hayo mawili yaandike kwenye daftari kabla ya kutuma 3...Nf6.